Mwongozo wa Kuifunza Mashine Kuzijua Seli Nyeupe za Damu, kwa Mkaazi wa Kongowea Mwenye Haraka

Una laptopu, una bando, na umetazama video za akili mnemba hadi macho yamekuwa mekundu. Sasa wataka kuunda programu itakayotazama picha ya damu iliyopigwa kwenye hadubini na kutamka: hii neutrofili, hii limfositi, hii eosinofili. Nia yako ni njema. Huku Mombasa, kuanzia Kongowea hadi Kisauni, Mlaleo na Bombolulu, maabara ndogo zimejipanga kando ya barabara, na nyuma ya pazia la kila moja yuko mtu aliyeinamia hadubini huku foleni ikirefuka nje. Mtu huyo anahitaji msaada. Mwongozo huu utakuonyesha namna ya kumpelekea msaada bila kumpelekea balaa.

Kabla ya hatua yoyote, shika neno hili. Mashine haina jicho lake. Inaona kwa jicho la aliyeifunza, kwa rangi iliyopakwa kwenye slaidi, na kwa damu ya watu iliyoonyeshwa. Ukizembea katika moja ya hayo matatu, hesabu zote utakazozifanya baadaye ni mbwembwe.

Hatua ya 1: Ifunge laptopu

Ndiyo, ifunge. Huwezi kuifunza mashine jambo usilolijua. Kazi yako ya mwanzo ni kuomba ruhusa ya kuketi kando ya mtaalamu wa maabara, ukatazama, ukanyamaza. Kutazama ni rahisi. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi wanaotoka kwenye kozi za kompyuta.

Utakachoonyeshwa ni hiki. Katika mikrolita moja ya damu ya mtu mzima mna seli nyekundu milioni 4 hadi 6, na ndani ya umati huo seli nyeupe ni 4,000 hadi 11,000 tu. Hizo nyeupe ndizo seli za kinga, na aina za kawaida ni tano. Neutrofili ndizo nyingi, asilimia 40 hadi 70, na kiini chake kimegawanyika vipande viwili hadi vitano vilivyoshikana kwa uzi mwembamba. Limfositi, asilimia 20 hadi 40, ina kiini cha mviringo kinachokaribia kuijaza seli nzima. Monositi ndiyo kubwa kuliko zote. Kiini chake kimepinda na mwili wake ni wa kijivu chenye ubuluu. Eosinofili ina kiini cha vipande viwili na punje nene za rangi ya chungwa. Basofili ni adimu, haifiki hata asilimia 1, na punje zake za zambarau iliyokolea hukifunika kiini chenyewe.

Utaratibu wa kuzitenga seli hizi kwa rangi uliasisiwa na Paul Ehrlich, daktari kijana mjini Berlin, mwaka 1879. Aliona kwamba punje nyingine hushika rangi za asidi, nyingine rangi za besi, na nyingine mchanganyiko wa zote mbili, akazigawa seli kwa msingi huo. Miaka mitatu baadaye, huko Messina nchini Italia, Ilya Metchnikoff alimdunga mwiba kiluwiluwi wa kiti cha pweza na kuziona seli zikiuzunguka mwiba ule. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Kazi unayotaka kuipa mashine yako ilianza kwa watu waliokuwa na subira ya kutazama.

Utajua umefuzu hatua hii utakapoonyeshwa seli ukaweza kutoa sababu kabla ya kutaja jina. Ukitaja jina bila sababu, rudi kitini.

Hatua ya 2: Heshimu rangi, maji na sisimizi

Seli nyeupe isiyotiwa rangi ni kivuli. Rangi inayotumika sana kwetu ni ya Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg aliyeitangaza mwaka 1904, na mpaka leo ndiyo inayotafutiwa malaria katika maabara zetu. Rangi hiyo ina tabia moja: hutii maji yaliyoichanganya. Kwa malaria, bafa, yaani maji ya kuichanganyia, inatakiwa iwe na pH ya 7.2; kwa kuchunguza maumbo ya seli, karibu 6.8. pH ikipanda mno, kila kitu huelekea bluu na punje za eosinofili hupoteza wekundu wake. Ikishuka mno, kila kitu huelekea wekundu na viini hufifia.

Na wewe wakaa Mombasa, mji wa visima vya maji ya chumvi vilivyochimbwa kwenye matumbawe. Ukichanganya Giemsa na maji ya kisima cha jirani, programu yako itakijua kisima hicho vizuri sana na haitazijua seli. Tumia maji yaliyogeuzwa mvuke yakarudi kuwa maji, tengeneza bafa kwa vipimo, na upime pH kila unapochanganya.

Kisha kuna methanoli, ile inayougandisha utando mwembamba wa damu kwenye kioo. Methanoli hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Pwani wakati wa masika haina uchoyo wa unyevu. Chupa ikiachwa wazi, maji huingia, na seli nyekundu hutokea na vitundu ving'aavyo ambavyo mgeni huvidhani ugonjwa. Mashine nayo itavidhani hivyo hivyo, na itakuwa na uhakika zaidi kuliko mgeni. Funga chupa. Hifadhi hadubini mahali pakavu pia, maana lenzi nazo huota kuvu.

Usimsahau sisimizi. Tone nene la damu, lile la kutafutia malaria, halipitishwi kwenye methanoli, na kwa hiyo linapokauka mezani ni karamu ya nzi, mende na sisimizi. Slaidi zikauke ndani ya kisanduku chenye kifuniko. Hakuna programu duniani inayoweza kuitambua seli iliyokwisha kuliwa na mende.

Hatua ya 3: Piga picha, usiirembe

Habari njema ni kwamba huhitaji mtambo wa mamilioni. Lenzi ya 100 yenye mafuta, ikiungana na lenzi ya jicho ya 10, hukuza mara 1,000, na hadubini za namna hiyo zimo katika maabara nyingi. Kinachokosekana ni njia ya kuitoa picha humo.

Njia hiyo majirani zetu wameshaionyesha. Mjini Kampala, watafiti wa akili mnemba wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiwemo John Quinn na Rose Nakasi, walichapisha mwaka 2016 kazi ya kuifunga simu kwenye hadubini kwa kishikizo kilichochapwa kwa printa ya 3D, wakaifunza kompyuta kutafuta malaria katika damu, kifua kikuu katika makohozi na mayai ya minyoo katika kinyesi. Mwaka 2021 Nakasi, pamoja na Ernest Mwebaze na Aminah Zawedde, walichapisha kazi ya kutafuta vimelea na seli nyeupe kwa pamoja katika tone nene, kwa programu nyepesi inayoweza kukaa ndani ya simu. Nchini Tanzania nako, Taasisi ya Afya ya Ifakara na karakana ya STICLab ya Dar es Salaam zimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Bath katika hadubini ya OpenFlexure, ambayo mwili wake huchapwa kwa plastiki hapa hapa Afrika Mashariki. Usianze kwa kujiita wa kwanza. Anza kwa kusoma kazi zao.

Sasa simu yako. Imeundwa kupendezesha sura: hulainisha ngozi, huongeza mng'ao, na hubadili rangi kila mwanga unapobadilika. Neutrofili haiendi arusini. Zima marembo yote, funga mipangilio ya mwanga na ya rangi isibadilike kutoka picha moja hadi nyingine, na hifadhi picha bila kuibana.

Chagua pia mahali pa kutazama. Katika utando mwembamba, tafuta eneo ambalo seli nyekundu zimelala moja moja bila kupandana. Pembezoni na mwishoni mwa utando seli kubwa husukumwa na kurundikana, na limfositi hubaki zaidi katikati. Ukipiga picha ukingoni tu, utapata monositi kwa wingi na kumtangazia mgonjwa habari zisizo zake. Tembea kwa kwenda na kurudi, kutoka ukingo hadi kati. Na kila picha uiandikie slaidi yake, siku yake, hadubini yake na simu yake. Utayahitaji hayo hatua ya 5, na hapo hutaweza kuyakumbuka.

Hatua ya 4: Mlipe anayejua

Mashine hujifunza kwa mifano iliyoandikwa majina. Nani aandike? Mtaalamu wa maabara aliyesajiliwa na bodi yao ya Kenya, mwenye miaka ya kuinama. Na alipwe. Mtu anayelipia bando, laptopu na kahawa, kisha akamwambia mtaalamu "nisaidie kidogo tu ukipata nafasi," amekwisha kuonyesha anachokithamini na asichokithamini.

Usimtafute mmoja. Tafuta wawili, kila mmoja aandike peke yake bila kuliona jibu la mwenzake, na wa tatu awe mwamuzi. Watatofautiana, na kutofautiana kwao ni mali. Limfositi iliyochochewa na maambukizi hupanuka, kiini chake hulegea, na huanza kufanana na monositi. Hapo ndipo utasikia mazungumzo ambayo hakuna video iliyokufunza:

"Mama, hii si monositi?"

"Tizama ukingo wake, mwanangu. Waiona inavyojikunja ilipogusana na seli nyekundu? Hiyo ni limfositi iliyochokozwa."

"Na hii?"

"Hiyo sijui. Niandikie sijui."

Liandike. Neno "sijui" liwe aina rasmi katika orodha yako, pamoja na doa la rangi, seli iliyopasuka, na chembe sahani zilizorundikana. Usipoweka nafasi hizo, mashine italazimika kulipatia kila doa jina la seli, na hata tone la Giemsa lililoganda litapata cheo cha basofili.

Kisha pima makubaliano ya wataalamu wako. Jacob Cohen alitoa mwaka 1960 kipimo kiitwacho kapa, kinachoondoa yale makubaliano yanayotokea kwa bahati tu. Kapa ikiwa ndogo, shida haiko kwenye mashine. Rudi kwenye rangi, rudi kwenye picha, kaeni pamoja mkubaliane maana ya kila aina. Mashine iliyofunzwa na watu wasioelewana itarithi mzozo wao na kuusema kwa sauti moja.

Hatua ya 5: Gawanya watu, usigawanye picha

Hapa ndipo wengi huzama, na huzama wakitabasamu.

Picha zako lazima ziwe mafungu mawili: za kufunzia na za mtihani. Ukizichanganya zote na kuzigawa kwa kura, picha za mtu mmoja zitaangukia pande zote mbili. Slaidi yake ina rangi ile ile, mwanga ule ule, hata vumbi lile lile. Mashine itaitambua slaidi na wewe utadhani imeitambua seli. Gawa kwa mtu: damu ya fulani iwe yote upande mmoja. Bora zaidi, funza kwa slaidi za maabara kadhaa na utahini kwa maabara ambayo mashine haijawahi kuiona.

Kuna mkusanyiko wa picha za seli za damu ambao wanaoanza huukimbilia kwenye mtandao wa Kaggle. Unatangaza picha 12,500 za aina nne za seli, na basofili haimo. Lakini picha zile zimezalishwa kwa kuzungusha na kupindua picha 410 tu. Ukizigawa kwa kura, waweza kuweka picha moja kwenye mafunzo na pacha wake aliyepinduliwa kwenye mtihani, kisha ukajisifu umepata asilimia 98. Hujapata. Umemuuliza mwanafunzi swali ulilomwonyesha jibu lake jana, ukaligeuza kichwa chini.

Mkusanyiko mwingine, wa hospitali ya Hospital Clínic ya Barcelona, uliochapishwa mwaka 2020, umefanywa kwa uangalifu mkubwa: picha 17,092 katika makundi manane, zilizopigwa kwa mtambo mmoja na kuandikwa majina na wataalamu. Utumie, utakufaa. Ila soma maelezo yake: damu ile ilitoka kwa watu wasiokuwa na maambukizi, wala maradhi ya damu, wala saratani, na waliokuwa hawatumii dawa yoyote. Kati ya wanaoingia maabara ya Kongowea wakitetemeka kwa homa, hayumo hata mmoja.

Hatua ya 6: Sasa ifungue laptopu

Umefika. Na utashangaa jinsi hatua hii ilivyo fupi.

Nenda sokoni Kongowea asubuhi belo la mitumba linapokatwa. Mwenye kuchagua hushika nguo, na kabla hujapepesa jicho ameitupa upande: hii kamera, yaani daraja la kwanza, hii ya kati, hii ya mwisho. Hakufunzwa kwa kanuni zilizoandikwa. Alikosea, akapata hasara, akarekebisha mkono, belo baada ya belo. Mashine hujifunza hivyo hivyo. Huanza kwa kubahatisha. Programu hupima ukubwa wa kosa. Kisha hurudi nyuma na kusogeza kidogo kidogo mamilioni ya namba zake za ndani ili kosa lipungue. Tabaka za mwanzo hushika kingo na rangi, za kati hushika punje na mikunjo, za mwisho hushika kiini na umbo zima. Na kama huyo mchaguzi, hukosea siku inapoletewa belo la aina ambayo haijawahi kuiona.

Huhitaji kuanza kutoka sufuri. Mkusanyiko wa ImageNet, uliotangazwa mwaka 2009, una picha zaidi ya milioni 14 za vitu vya kila aina, na tangu mtandao wa AlexNet ushinde mashindano yake mwaka 2012, modeli zilizofunzwa kwa picha hizo hutolewa bure. Chukua moja, badilisha tabaka lake la mwisho, na uiendeleze kwa picha zako. Ukitaka ikae ndani ya simu ya kawaida bila intaneti, tumia modeli nyepesi kama MobileNet ya mwaka 2017. Hilo ni jambo kubwa kwetu, kwa sababu bando huisha na stima hupotea, na homa haingoji zirudi.

Zungusha picha, zipindue, badili mwanga wake kidogo ili mashine isikariri. Lakini fanya hivyo baada ya kugawa mafungu, na kwenye fungu la mafunzo peke yake.

Hatua ya 7: Jihadhari na asilimia moja tamu

Programu imekamilika na skrini inasema usahihi ni asilimia 97. Usipige simu nyumbani bado.

Katika damu yenye neutrofili asilimia 60, mashine inayojibu "neutrofili" kwa kila swali, hata ukiionyesha embe, hupata alama 60 bila kujua lolote. Na kwa kuwa basofili haifiki moja katika mia, mashine isiyoijua kabisa basofili hupoteza chini ya alama moja. Asilimia ya jumla huwaficha wachache, na katika damu wachache ndio mara nyingi wenye habari.

Basi chora jedwali la makosa: safu kwa kila aina halisi, nguzo kwa kila jibu la mashine. Soma kila safu na kila nguzo. Katika eosinofili za kweli, mashine imezipata ngapi? Katika zile ilizoziita eosinofili, ngapi ni kweli? Tangaza namba hizo kwa kila aina, pamoja na idadi ya watu, si ya picha tu. Anayekataa kukuonyesha jedwali hilo anakuuzia rangi ya gari, injini hakuigusa.

Na hapa pana jambo la kuifurahia mashine kwa dhati. Mtaalamu mwenye foleni huhesabu seli 100. Akipata eosinofili 5, hesabu za bahati zasema ukweli, kwa uhakika wa asilimia 95, uko popote kati ya takriban 2 na 11 katika mia. Hilo ni pengo la kati ya mtu mzima wa afya na mtu wa kuchunguzwa. Mashine isiyochoka ikihesabu 500 na kupata 25, pengo hushuka hadi kati ya 3 na 7. Faida yake kubwa ni hiyo: kuhesabu nyingi, bila shingo kuuma, hadi slaidi ya mwisho ya jioni.

Hatua ya 8: Ifunze damu ya Pwani

Programu iliyofaulu Barcelona ina mitihani minne inayoingoja huku, na yote ni ya haki.

Wa kwanza ni neutrofili. Watu wengi wenye asili ya Kiafrika hawana alama ya Duffy juu ya seli zao nyekundu. Hali hiyo huwakinga na kimelea cha *Plasmodium vivax*, na hufuatana na idadi ndogo ya neutrofili katika damu, pengine chini ya 1,500 kwa mikrolita, bila ugonjwa wowote. Programu yenye viwango vya Ulaya itawatangaza watu hao kuwa na upungufu, na mtu mzima wa afya atazungushwa vipimo na gharama kwa kosa la kuzaliwa nyumbani kwao. Tumia viwango vya watu wa hapa.

Wa pili ni eosinofili. Minyoo, kichocho na matende ni maradhi yaliyokaa nasi Pwani kwa muda mrefu, na yote huweza kuzipandisha eosinofili. Mashine nyingi za bei nafuu zinazohesabu damu hugawa seli nyeupe katika mafungu matatu tu na hazitengi eosinofili peke yake. Programu yako ikizitenga vizuri kwa picha, hapo umeongeza kitu ambacho maabara haikuwa nacho.

Wa tatu ni monositi iliyokula. Katika malaria, monositi na neutrofili humeza mabaki ya vimelea na kubaki na rangi ya kahawia nyeusi ndani yake. Mtaalamu wetu akiiona hutega sikio, kwa sababu rangi hiyo kwa wingi huambatana na malaria kali. Programu ambayo haijawahi kuiona itaiita doa, au itaiita basofili na kuendelea na safari. Ipe aina yake katika orodha.

Wa nne ni hesabu yenyewe ya malaria. Katika tone nene, mtaalamu huhesabu vimelea huku akihesabu seli nyeupe, kwa kawaida 200, kisha hugawa vimelea kwa idadi ya seli hizo na kuzidisha kwa 8,000, namba inayochukuliwa kuwa ndiyo ya seli nyeupe za kila mtu. Vimelea 50 kwa seli nyeupe 200 ni 2,000 kwa mikrolita. Lakini kama mgonjwa ana seli nyeupe 4,000 halisi, vimelea vyake ni 1,000, nusu tu ya vilivyoandikwa. Ndiyo maana Makerere walizifunza mashine zao vimelea na seli nyeupe kwa pamoja, na ndiyo maana mashindano ya malaria ya jukwaa la Zindi mwaka 2024 yaliziweka seli nyeupe katika alama za kutafutwa kando ya vimelea. Ukikosea seli nyeupe, umekosea malaria.

Hatua ya 9: Ijue mipaka, uiseme kwa sauti

Atakuja mtu na kukuuliza, kwa sauti ya chini, kama programu yako yaweza kumpa hesabu ya CD4, ile ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Mjibu ukweli: haiwezi. Kwa Giemsa, limfositi za CD4, za CD8 na za B zina sura moja. Hutengwa kwa kingamwili zenye rangi maalumu na mtambo mwingine. Programu inayodai kuzitenga kwa slaidi ya kawaida ya maabara ya mtaani inambahatishia mtu aliye kwenye dawa za maisha. Vilevile, ikiona seli changa zisizotakiwa kuwa kwenye damu, kazi yake si kutamka saratani. Kazi yake ni kusema: mwiteni mtaalamu sasa hivi.

Na damu ina mwenyewe. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Omba ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtu mwenye homa. Usipige picha ya slaidi yenye jina. Pitia kamati ya maadili, chukua kibali cha utafiti kwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Kama picha za watu wa Kongowea zitauzwa au kupelekwa ng'ambo, wenyewe wajue kabla, si baada.

Hatua ya 10: Kabidhi, na uweke kitufe cha kukataa

Siku ya kuikabidhi programu, iendeshe kwanza kimya kimya kando ya kazi ya kawaida: mtaalamu atoe majibu yake kama siku zote, mashine itoe yake, na jibu la mashine lisimfikie mgonjwa. Linganisheni. Mtakapoona inasaidia, iingizeni kazini kwa masharti matatu.

Kwanza, kila jibu lionyeshe picha za seli zilizohesabiwa, ili mtaalamu aone kilichoonwa. Pili, kila picha iwe na kitufe cha kukataa, na kukataa kuwe kwepesi kuliko kukubali, maana mtu aliyechoka hubonyeza kilicho karibu. Tatu, kila alichokikataa kirudi kwenye mafunzo ya mzunguko ujao, kikiwa na jina alilolitoa yeye, na malipo yake.

Sharti hilo la tatu ndilo lenye uzito. Maabara ikibadili chupa ya Giemsa, hadubini ikibadilishwa taa, masika yakiingia, picha zitabadilika na mashine itaanza kupotea bila kuona haya. Anayeweza kuligundua hilo ni yule aliyeinama pale kila siku. Mpe uwezo wa kuirekebisha, na programu yako itazidi kuwa nzuri mwaka hadi mwaka, kwa damu ya watu wa hapa na kwa jicho la watu wa hapa. Mnyime uwezo huo, na hata ungeitia modeli kubwa kuliko zote, umemletea mzigo wa pili juu ya foleni aliyokuwa nayo.